Kumvua Trauti kwa Nzi Bandia Kwenye Ziwa Dogo la Uskoti: Maelekezo kwa Anayeanzia Moshi

Mpwa wangu anaondoka Moshi mwanzoni mwa Septemba kwenda kusoma Uskoti, na kwa kuwa mimi niliwahi kuishi huko miaka miwili, ameniomba nimwandikie namna ya kumvua samaki aitwaye trauti kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Nimeona niyaandike maelekezo haya kwa ukamilifu, ili yamfae pia mwingine yeyote atakayejikuta kando ya ziwa dogo la milimani, ambalo Waskoti huliita loch, akiwa na fimbo mkononi asijue aanzie wapi. Neno moja litangulie: katika ziwa la namna hiyo samaki wengi hukaa karibu na ukingo kuliko mgeni anavyodhani, kwa hiyo karibu kila ninaloeleza hapa linahusu kuvua kwa mshipi mfupi na kwa utulivu, wala si kurusha mbali.

Trauti wa kahawia, ambaye ndiye mwenyeji wa maziwa hayo, huruhusiwa kuvuliwa kuanzia tarehe 15 Machi hadi tarehe 6 Oktoba tu. Atakayefika Septemba ana wiki chache, asizipoteze. Uskoti haina leseni ya uvuvi ya nchi nzima kama ile ya jirani zao wa England, lakini haki ya kuvua ni ya mwenye eneo au chama cha wavuvi kilichoikodi, hivyo ni lazima kupata kibali, ambacho mara nyingi huuzwa kwa siku katika maduka ya zana za uvuvi au hotelini.

Fimbo ya futi 9 au 10, ya daraja la 5 au 6 (daraja ni kipimo cha uzito wa mshipi ambao fimbo imeundwa kuurusha), inatosha. Mshipi uwe wa kuelea na wa daraja lilelile la fimbo, kwa sababu katika uvuvi huu kinachorushwa ni uzito wa mshipi wenyewe: nzi bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana ndogo, na peke yake hawezi kwenda popote. Mwishoni mwa mshipi hufungwa uzi wa nailoni wa futi 12 hivi, wenye nguvu ya ratili 5 au 6. Waskoti hupenda kufunga nzi watatu kwenye uzi mmoja, lakini anayeanza afunge wawili, kwani watatu kwenye upepo humfanya mtu ashinde akifumua mafundo. Mimi nilimtegemea nzi aitwaye Black Pennell mwishoni mwa uzi, na Kate McLaren au Bibio juu yake, wote wa namba 12. Upepo ukizidi nilipanda hadi namba 10, maana kwa ndoana hizi namba ikipungua ndoana inakuwa kubwa.

Kurusha kujifunzwe Moshi kabla ya safari. Uwanja wowote wa mpira wenye nyasi unafaa, asubuhi kabla watoto hawajaujaza, na badala ya ndoana ifungwe sufu nyekundu iliyochomolewa kwenye sweta kuukuu. Toa mita 7 au 8 za mshipi mbele yako, shusha ncha ya fimbo karibu na nyasi, kisha inua ukiongeza kasi kidogo kidogo, na uisimamishe ghafla fimbo ikishapita wima kidogo. Subiri mshipi ujinyooshe nyuma yako, ndipo uupeleke mbele kwa mwendo uleule na kusimamisha tena. Wafundishaji wa Kizungu husema fimbo itembee kati ya saa kumi na saa moja, na mpwa wangu alipolisikia hilo alinikodolea macho, kwa kuwa kwake saa kumi ni alasiri na mshale mfupi uko kwenye namba 4, mahali ambapo fimbo ingekuwa inachokoa ardhi nyuma ya kisogo. Wao husoma namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa. Kwetu hizo ni saa nne na saa saba.

Makosa ya mwanzo ni mawili: kutosubiri nyuma, na kulegeza kifundo cha mkono hadi fimbo ikalala. La pili nililitibu kwa kukifunga kitako cha fimbo kwenye mkono wa mpwa wangu kwa kipande cha khanga, na siku ya tatu hakukihitaji tena. Miwani na kofia ni sharti, hata uwanjani.

Ufikapo ziwani, tazama upepo kwanza. Maji yasiyo na viwimbi humwonyesha samaki kila kitu, kwa hiyo tafuta sehemu inayochezwa na upepo. Chakula husukumwa hadi ukingo ambao upepo unaelekea, na samaki hukifuata, lakini kurusha dhidi ya upepo si kazi ya mwanafunzi. Anayetumia mkono wa kulia asimame mahali upepo unapomjia kutoka kushoto, ili ndoana isipeperushwe kuelekea usoni pake. Watu wa pwani wangesema ajitahidi kukaa upande wa joshi, yaani upande upepo unakotokea.

Maji ya maziwa mengi ya huko yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya udongo wa mboji, na mwanga hauendi chini sana. Wadudu wengi huishi kwenye kina cha mita 1 hadi 3, na trauti huishi walipo wadudu. Tafuta basi midomo ya vijito, ncha za miamba zinazoingia majini, kando za majani ya maji, na mahali ambapo sakafu ya ziwa inaanza kutoonekana. Usiingie majini kabla ya kuvua ukingo wenyewe. Siku yangu ya kwanza nilitumbukia hadi magotini kwa hamu ya kufika mbali, nikaona kivuli kikichomoka kando ya buti langu, na huyo ndiye samaki pekee niliyemwona hadi jioni.

Rusha mita 8, kisha 10, ukibadilisha mwelekeo kila mara, halafu sogea hatua mbili. Nzi wakigusa maji anza mara moja kuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto, sentimita 20 au 30 kila mvuto, ncha ya fimbo ikiwa chini. Wakikaribia, inua fimbo taratibu ili nzi wa juu aparaze uso wa maji, umshikilie hapo kwa pumzi moja au mbili kabla ya kurusha upya. Wengi huchoka na kunyanyua mapema, ilhali ni wakati huo wa kumshikilia nzi ndipo trauti hushambulia. Akigonga, kaza mshipi papo hapo kwa kuinua fimbo bila kufyatua, kwani trauti wa mwituni hutema upesi.

Kwa mashua, vaa jaketi okozi, kaa chini, acha mashua isukumwe kwa ubavu na upepo, na urushe mbele yake.

Jioni upepo ukikatika, usubi huja kwa mawingu. Wavu wa kichwa una thamani kuliko dawa yoyote niliyoipaka.

Samaki wengi watakuwa wa robo kilo au pungufu. Meno ya ndoana yabanwe kwa koleo mapema, mikono iloweshwe kabla ya kumshika, na anayeachiwa asikae nje ya maji muda mrefu. Wa kula auawe mara moja kwa pigo la kichwani. Kabla ya kuhamia ziwa jingine, osha na kausha kabisa mabuti na wavu wa kuopolea samaki, maana magonjwa na mimea vamizi husafiri kwenye unyevu. Zana zikirudi Moshi zifanyiwe vivyo hivyo kabla hazijagusa mto wowote wa Kilimanjaro, ambako trauti wenyewe si wa asili bali waliletwa wakati wa ukoloni.