Kisu chembamba cha mfukoni kiko njiani: jiandae hivi kabla hakijafika

Kama umeshaoda kile kisu kidogo cha kukunja, chembamba, cha kukaa mfukoni kila siku, na sasa kila ukiamka unafungua simu kuangalia mzigo umefika wapi, basi huo muda wa kusubiri usiuache upite bure. Watu wengi wanakipokea, wanakifurahia wiki moja, afu kinaishia kwenye droo kwa sababu hawakuwahi kufikiria watakibebaje wala watakikatia nini, na makali yakiisha ndo kabisa. Mi nitatolea mfano Victorinox Cadet, kile cha mpini wa aluminiamu, kwa sababu ndo ninachokisubiri na kwa wembamba sijaona kinachokizidi kwa bei ile, ila mengi humu yanafaa pia kwa Opinel namba 6, kile cha mpini wa mbao, au kisu kingine cha saizi hiyo.

Anza na mfuko kabla ya kitu kingine chochote. Cadet ikikunjwa ina urefu wa milimita 84, na kadi ya benki ina milimita 85.6, kwa hiyo toa kadi yako uiangalie, kisu kitakuwa kifupi kidogo tu kuliko hiyo kadi, na uzito wake haufiki hata gramu 50. Sasa chukua boksi gumu, kata vipande vya urefu huo na upana wa kama sentimita 2, vigundishe mpaka vifike unene wa sentimita 1 na kitu hivi, zungushia solotepu, afu kitie mfukoni ushinde nacho. Panda nacho daladala, kaa nacho ofisini, inama, chuchumaa, panda boda. Jioni utakuwa umeshajua kama mfuko wa mbele unafaa au kile kimfuko kidogo cha jinzi, na kama suruali zako za kitambaa zinavutwa upande mmoja. Najua inaonekana kama mchezo wa watoto lakini fanya, maana watu tunabishana sana kuhusu urefu wa ubapa, yaani kile chuma chenye makali, wakati kinachoamua kama utabeba kisu au utakiacha nyumbani ni unene. Kisu kinene kinakuudhi kila ukikaa, na siku ukikihitaji hakipo.

Na amua mapema kwamba mfuko huo hauna funguo wala sarafu. Ule mpini wa aluminiamu unachubuka, na hata ukisema michubuko haikusumbui, vumbi la sarafu na nyuzi za nguo zinaingia kwenye maungio na kisu kinaanza kuwa kigumu kufungua.

Ukimaliza hapo, siku mbili tatu hivi tazama tu ni vitu gani unavyokata. Usijidanganye na mambo ya porini kama maisha yako ni ya mjini. Utakuta ni solotepu za mizigo, kamba za plastiki, mfuko wa mchele, uzi uliochomoza kwenye shati, chungwa, embe, kifuko cha dawa ya mbu, kuchuna waya wa chaja. Hizo zote Cadet inamaliza, maana mbali na ubapa ina kifungua kopo chenye ncha ya bisibisi ndogo, kifungua soda chenye bisibisi bapa kubwa, na tupa ya kucha. Dafu sio kazi yake, mifupa sio kazi yake, kukwanyua kifuniko cha ndoo ya rangi kwa ncha ya ubapa ndo kabisa usithubutu, ile ncha ikikatika hairudi, hiyo kazi ipe bisibisi bapa iliyopo palepale kwenye kisu. Na kama umegundua asilimia kubwa ya unachokata ni matunda na chakula, kwa kweli fikiria Opinel, ubapa wake ni mrefu kidogo na mwembamba, unapita kwenye embe bila kulipasua, japo ule mpini wa mbao unavimba ukilowa na kisu kinakuwa kigumu kufunguka.

Suala la loki sasa, hili ni muhimu na lisome taratibu. Cadet haina loki, ubapa unashikiliwa na springi tu, wakati Opinel kuanzia namba 6 ina ile pete ya kuzungusha ambayo walianza kuiweka mwaka 1955. Kisu kisicho na loki ni salama kabisa ukikata kwa kuvuta au kwa kukandamiza upande wa makali, hatari inakuja ukichoma, maana ncha ikikwama na wewe unaendelea kusukuma, ubapa unaweza kukunja ukarudi kwenye vidole. Kwa hiyo anza kujizoeza sasa hivi na kisu chochote ulichonacho: boksi halichomwi, linachanwa kwa kuvuta, na kidole kisikae kwenye njia ya ubapa hata siku moja.

Watu wanaona kukosa loki ni udhaifu ila kwa walioko nje ni faida kubwa. Uingereza kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na loki na chenye makali yasiyozidi inchi 3 unaruhusiwa kutembea nacho bila kutoa sababu, chenye loki hapana, lazima uwe na sababu ya maana. Ujerumani nao wanabana visu vya loki vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Kwa hiyo kama unamwagizia ndugu aliyeko huko, au unapanga kwenda, hilo liangalie kabla ya rangi na mapambo. Huku kwetu kitie mfukoni, usikining'inize kiunoni, usikichezee mbele za watu, na siku unaenda benki, mahakamani au popote penye mashine ya ukaguzi kiache nyumbani.

Wakati bado unasubiri tafuta vitu vya kukitunza, sio vingi. Jiwe la kunolea la namba 1000 linatosha, kichupa cha mafuta ya cherehani, kitambaa kikavu, na mkanda wa ngozi wa zamani wa kupitishia makali. Mafuta ya kula usiweke kwenye maungio, yakikaa yanaganda na kunata. Halafu jifunze kunoa sasa hivi kwa kisu cha jikoni, usisubiri ujifunzie kwenye kisu kipya. Paka makapeni kwenye ukingo wa makali pande zote mbili, weka ubapa kwenye jiwe kwa nyuzi kati ya 15 na 20, maana yake mgongo wa kisu umeinuka kidogo tu, sukuma mara chache bila kukandamiza, afu angalia wino umefutika wapi. Ukifutika juu karibu na mgongo umelaza sana, ukifutika kwenye ncha tu ya makali umeinua sana, ukifutika wote basi hapo hapo, shika mkono wako ukumbuke. Rudia mpaka mkono uzoee. Chuma cha Victorinox ni laini kiasi, ugumu kama 56 kwenye kipimo cha Rockwell, na hili wengine wanaliponda ila mimi nalipenda kwa dhati kabisa, maana hakikai na makali muda mrefu kama vyuma vya bei mbaya lakini unakirudisha kwa dakika chache na jiwe la kawaida, na hakishiki kutu kirahisi hata ukikaa Tanga au Mombasa kwenye upepo wa chumvi. Ukichukua Opinel ya chuma cha kaboni, huko pwani lazima uifute kila ukimaliza kuitumia, la sivyo chungwa moja tu linaacha doa jeusi.

Weka na pesa pembeni. Mzigo kutoka nje unaweza kukutana na ushuru na VAT, 18% Tanzania na 16% Kenya, na hakuna kitu kinachokera kama mzigo umefika halafu unazunguka kutafuta hela ya kuutoa.

Siku kikifika usianze kukata. Kiangalie kwanza mchana kwenye mwanga. Kwenye shina la ubapa, pale unapoingia kwenye mpini, pawe na maandishi ya VICTORINOX na SWISS MADE yaliyogongwa vizuri, ule msalaba wa nembo peke yake hauthibitishi kitu maana kila kisu chekundu cha kopi kinao. Kikunje ukitazame upande ule ubapa unapoingilia kwenye mpini, ubapa ukae katikati usiguse ukuta, na ncha isichomoze nje, pitisha kidole taratibu kwenye mgongo wa ubapa uhakikishe. Fungua kila kifaa, kifunguke na kufunga kwa mlio mkavu wa springi, kisibaki kimelegea njiani. Shika ubapa kwa mgongo ujaribu kuutikisa kushoto kulia, usicheze. Kikiwa na kasoro piga picha siku hiyohiyo umtumie muuzaji, kabla hujakinoa wala kukipaka chochote, ukishakigusa ubishi unaanza.

Kama kiko sawa, kisu kipya mara nyingi ni kigumu kidogo na hapo watu wanavunja kucha. Kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ukiwa humo humo majini kifungue na kukifunga mara kadhaa, kisuuze, kikung'ute, kikaushe kabisa, afu tone moja la mafuta kwenye kila ungio na ufute yanayobaki, hasa kwenye ubapa kama utakatia chakula. Kwenye kufunga, vidole vishike mpini pembeni, ubapa usukume kwa kiganja cha mkono mwingine, usifungie kwenye paja.

Makali ya kiwandani yaache kama yalivyo mwanzoni, yanatosha. Kila wikiendi pitisha kwenye ule mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma, pande zote sawa, na jiwe litoe tu pale nyanya inapoanza kuteleza badala ya kukatika. Ukipanda ndege kiweke kwenye begi linalokabidhiwa na kusafiri chini ya ndege tangu nyumbani, usisubiri kukumbushwa getini maana hapo unakiacha, na kwenye treni za SGR mizigo inapita kwenye skana, kwa hiyo safari za treni kibaki nyumbani.