Chaja ya simu ndani ya dashibodi ya IST: waya wa bodi ndio uliotutesa

Mpwa wangu anaendesha teksi ya mtandaoni hapa Dar es Salaam, Toyota IST ya zile za mwanzo. Simu ndiyo ofisi yake: ramani humo, wateja humo, malipo humo. Alikuwa akitumia chaja ya kuchomeka kwenye tundu la kiwashia sigara, ile inayocheza kila ukipanda tuta, na waya umening'inia mpaka kwenye gia. Jumamosi moja akaniambia, "Mjomba, nifungie ya kudumu, waya usionekane kabisa." Nikamjibu kwamba saa moja inatosha. Tulianza saa tatu asubuhi, tukamaliza saa kumi na moja jioni. Karibu muda wote huo uliliwa na bolti moja ya waya wa bodi, yaani ule mweusi wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari, nitaifikia.

Vifaa

Chaja ya kupachika yenye umbo la swichi ya Toyota, ile inayoingia kwenye kifuniko kitupu cha dashibodi bila kutoboa chochote. Vifuniko hivyo haviko saizi moja, kwa hiyo kibandue chako uende nacho dukani. Beba na fyuzi moja ya gari lako, maana nazo zina maumbo tofauti na muuzaji hawezi kubahatisha. Sisi tulinunua Kariakoo, Gerezani.

Waya wa milimita mraba 1, mwekundu na mweusi. Fyuzi-tapu, yaani kile kipachiko kinachoingia mahali pa fyuzi na kubeba fyuzi mbili. Vichwa vya waya vya duara na plaizi yake ya kuvibana. Mita ya kupimia umeme. Tepu ya kitambaa. Ile tepu nyeusi ya plastiki sitaki kuiona ndani ya dashibodi: gari likishinda juani gundi yake inayeyuka, mwezi wa tatu unakuta waya uko uchi na vidole vinanata. Na vile vibanio vya bluu vinavyong'ata waya wa gari bila kuukata, mwachie aliyekuuzia.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya fyuzi

Chaja yetu ina matundu mawili, kila moja wati 18. Jumla 36, gawanya kwa volti 12, unapata ampia 3. Ongeza kidogo kwa umeme unaopotea kama joto. Fyuzi ya ampia 5 inatosha. Ukiweka ya 15 "ili isiungue ungue", siku waya ukichubuka kitakachoungua ni waya. Fyuzi ipo kulinda waya, chaja ina mambo yake.

Hatua ya 2: Tafuta umeme unaozimika na ufunguo

Fyuzi za ndani ya gari hili ziko chini ya dashibodi upande wa dereva. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20, ncha nyeusi kwenye chuma cha gari, nyekundu kwenye fyuzi. Unatafuta ile inayosoma sifuri ufunguo ukiwa umezimwa, na volti 12 na kitu ukiuzungusha kwenye ACC, ile nafasi ya kuwasha redio bila injini. Ya kiwashia sigara, iliyoandikwa CIG, ndiyo niliyoichukua.

Usiunge kwenye umeme wa moja kwa moja. Niliwahi kumfungia mwalimu mmoja hivyo, kwa kuwa alitaka kuchaji gari likiwa limezimwa. Chaja ile ilikuwa na kisaa cha kuonyesha volti, kinakula kama miliampia 30. Inaonekana si kitu. Akasafiri wiki mbili: 30 mara saa 24 mara siku 14 ni ampia-saa 10, na gari lenyewe linapokuwa limelala nalo lina vyake linavyokula. Betri ya gari dogo ni kama ampia-saa 35 ikiwa mpya, na yake haikuwa mpya. Alirudi akakuta hata taa ya ndani haiwaki, na simu ya kwanza alinipigia mimi.

Hatua ya 3: Pachika na pitisha waya

Hapa sina maneno mengi. Bandua paneli, pitisha waya, funga na tai za plastiki kila shubiri. Mbali na pedali, mbali na shina la usukani. Ukikuta nyaya zilizofungwa kwenye kifuniko cha njano, hizo ni za erbegi. Usizipime, usizisogeze, usizifungie chochote.

Betri sikuikata. Baadhi ya redio za Kijapani zikikosa umeme zinaamka zikidai namba ya siri, na hapo umejitafutia safari nyingine. Badala yake fyuzi-tapu naiweka mwisho kabisa, baada ya waya zote kuungwa. Mpaka hapo waya mwekundu hauna umeme.

Hatua ya 4: Waya wa bodi

Sasa tuje kwenye bolti. Nyuma ya paneli niliona bolti ya namba 10, safi, inang'aa, imeshika kipande cha chuma. Nikaweka kichwa cha duara chini yake, nikakaza. Nikaweka fyuzi-tapu, taa ya chaja ikawaka, simu ikaandika inachaji, mpwa akanisifu. Tukafunga paneli zote.

Hakufika hata mwisho wa mtaa. Akarudi: "Mjomba, inalia ting, ting, ting." Simu ilikuwa inashika chaji na kuachia, kila sekunde chache, na kwenye tuta ndiyo zaidi. Ikiwa imejaa ilitulia. Ikiwa na asilimia 20, pale inapovuta kwa nguvu, inaanza ngoma.

Nikashuku kebo, tukabadilisha. Nikashuku chaja, tukarudi Kariakoo kuchukua nyingine. Nikashuku fyuzi-tapu, nikaikaza meno kwa bisibisi. Nilipima volti kwenye chaja mara nne, na kila mara nikapata 12.6. Volti zipo, sasa shida nini?

Shida ni kwamba nilikuwa napima bila mzigo. Mita haivuti umeme wa maana. Kiungo kibovu, hata kama kimegusa kwa ncha ya sindano, kitakuonyesha volti zote ukikipima peke yake. Simu ikianza kuvuta ndipo volti zinapotelea kwenye kiungo, chaja inakosa nguvu, inajizima, mzigo unaondoka, volti zinarudi, inawaka tena. Ting.

Kwa hiyo pima hivi. Chomeka simu yenye chaji kidogo. Ncha nyeusi ya mita ipeleke kwenye hasi ya betri (utahitaji waya mrefu wa kuungia, hata wa spika), nyekundu kwenye waya mweusi wa chaja. Hapo unapima kinachopotea njiani. Chini ya volti 0.1 ni safi. Yetu ilikuwa inaruka kutoka 0.4 mpaka zaidi ya 2. Ukiwa huna mita, chukua waya mrefu, uunganishe hasi ya chaja na hasi ya betri moja kwa moja. Kama ting imekoma, umempata mwizi.

Nilipoifungua ile bolti nikaona aibu. Nati yake imekaa ndani ya plastiki. Kile kipande cha chuma kimepakwa rangi nyeusi, na kinagusa bodi kwa ukingo mmoja tu.

Tukahamia kwenye ukuta wa pembeni, pale mguu wa kulia wa dereva unapofika, ambako kiwanda chenyewe kimefunga nyaya zake za bodi. Kwenye Toyota utazitambua: nyeupe zenye mstari mweusi. Bolti yao sikuigusa. Hujui imebeba nini, na ikilegea taa za ajabu zitawaka kwenye dashibodi. Nilitumia nyingine ya jirani, iliyoingia kwenye chuma cha gari chenyewe. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae kama sarafu, chini ya kichwa cha duara, si pembeni. Weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu yake. Grisi ni lazima kwa sisi wa pwani, upepo wa chumvi unakula chuma kilichokwanguliwa kabla hujamaliza mwaka.

Kipimo cha omu usikitegemee hapa. Nacho kinapima kwa umeme mdogo mno, kitakudanganya vilevile.

Baada ya hapo ikasoma 0.03, simu ikiwa inavuta.

Hatua ya 5: Fyuzi-tapu

Ina upande. Miguu yake miwili si sawa: mmoja unagawia fyuzi zote mbili, na huo ndio ukae kwenye tundu lenye umeme hata fyuzi ikiwa imechomolewa. Tafuta tundu hilo kwa mita, ufunguo ukiwa ACC. Ukigeuza itafanya kazi, ila umeme wa chaja utapita kwanza kwenye fyuzi ya gari, na pampu ya upepo wa tairi ikichomekwa kwenye kiwashia sigara fyuzi moja inabeba wote wawili.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kufunga paneli

Mimi nilifunga kwanza, umeona. Washa gari: simu itaacha kuchaji kidogo wakati wa kupiga stata kisha irudi, hiyo ni kawaida, ACC hukatwa. Fungua redio kwenye stesheni iliyo dhaifu. Kama kuna mkwaruzo unaokuja na chaja tu, sogeza waya mbali na wa antena. Zima, chomoa ufunguo, hakikisha taa ya chaja imezima.

Ya mpwa ilizima. Akaondoka na asilimia 34, akanitumia picha ya skrini akiwa Mwenge. Tundu la kiwashia sigara sasa ni la pampu ya upepo tu.