Jinsi ya Kuandika Daftari la Vituko la Kikundi cha Kusoma

Daftari letu la vituko, yaani la makosa yetu ya masomo, lilizaliwa usiku mmoja maabara, rezista, kifaa kidogo cha kuzuia mkondo wa umeme, ilipofuka moshi mbele ya macho yetu sita. Mwenzetu alihitaji ya omu 4,700 (omu ni kizio cha ukinzani, nayo husomwa kwa mistari ya rangi): njano, zambarau na nyekundu. Taa hafifu, akachukua ya njano, zambarau na dhahabu, ambayo ni omu 4.7 tu. Kwa volti 12, kifaa cha kubeba robo wati kikabebeshwa wati 30. Tulicheka mpaka machozi. Kicheko kilipotulia, kila mmoja akataja kosa lake la wiki ile, makosa tuliyokuwa tumefichana tangu Jumatatu.

Ndiyo maana nawahimiza muwe na daftari hili. Uhandisi unachosha, lakini kinachoangusha wengi ni kukaa na kosa peke yako kwa aibu.

Tengeni daftari moja la kikundi, la karatasi, likae mezani mnaposoma. Kosa liandikwe siku hiyo hiyo, na hesabu yake yote mpaka pale lilipoingia. Jina la aliyekosea lisiandikwe.

Kisha, na hapa ndipo penye utamu, geuzeni jibu kuwa kitu cha kuonekana. Chukua kani, yaani nguvu ya kuvuta, ya newtoni 100 inayovuta juu kwa nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi. Sehemu yake ya wima ni newtoni 50. Kikokotoo kikiwa kwenye radiani, kizio kingine cha pembe badala ya nyuzi, kitakupa hasi 98.8. Mwambie mmoja asimame aigize: anavuta kamba kwenda juu, mzigo unakandamizwa sakafuni! Ukishaiona picha hiyo, hata katikati ya mtihani jibu la namna hiyo litakushtua. Boriti ya meta 6 ambayo hesabu yenu inasema inapinda meta 40 nayo ichoreni, ipite chini ya jengo.

Mkishacheka, andikeni chini yake kwa wino mwekundu kipimo cha kulinasa kosa hilo. Kwa kikokotoo ni hivi: piga sine ya 30 kwanza, ikitoka 0.5 endelea. Mimi huanza kila mtihani hivyo.

Ukurasa wa mbele tumeandika habari ya Mars Climate Orbiter, chombo kilichopotea kilipofika Mirihi mwaka 1999. Programu moja ilitoa hesabu kwa pauni za kani, nyingine ikazisoma kama newtoni. Anayeona aibu kwa kosa la vizio vya kupimia tunamfungulia ukurasa huo.

Aliyefeli somo asifanyiwe utani hata kidogo. Kaeni naye, mrudie naye maswali.

Usiku wa kuamkia mtihani someni maandishi mekundu tu, kwa sauti, kwa zamu. Letu limefika ukurasa wa 61, na ile rezista iliyoungua tumeigandisha kwa gundi ndani ya jalada.