Jinsi ya kupanga, kufuta na kuzima orodha ya mafaili kwenye taskibaa, hasa kwa kompyuta ya steshenari

Raiti kliki ikoni ya Word pale chini kwenye taskibaa, inatokea menyu ndogo yenye mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Hii kitu ipo tangu Windows 7 ya mwaka 2009 na kwa kompyuta unayotumia peke yako ni raha tupu, unaruka moja kwa moja hadi kwenye faili la jana bila kupekua mafolda. Ila mimi kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za steshenari, zile mteja anakuja na flashi anaprinti anaondoka, na huko mambo ni mengine kabisa. Mteja anayefuata akiegemea kaunta tu anasoma barua ya kuacha kazi, mkataba wa kiwanja, majibu ya vipimo, tena na majina ya wenyewe maana watu wengi wanasevu faili kwa jina lao. Na kuchomoa flashi hakusaidii, faili limeondoka na mwenyewe lakini jina lake limebaki pale kwenye orodha.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote jiulize kompyuta hii inatumiwa na watu wangapi. Kama ni wewe tu, ipange. Kama ni ya watu wengi, izime.

Hatua ya 1: kupini na kuondoa moja moja. Fungua ile menyu halafu raiti kliki tena juu ya jina la faili. Ukichagua Pin to this list linapanda juu na kukaa hapohapo hata ukifungua mafaili mengine mia, mi nalipenda sana kwa faili la mahesabu ya duka au fomu unayoijaza kila siku. Ukichagua Remove from this list jina linatoka, na usiogope, faili lenyewe halifutwi, liko palepale lilipo. Njia ya haraka ya kufungua menyu bila mausi ni kushika Windows na Alt halafu namba ya ikoni kuhesabu kutoka kushoto, 1 kwa ya kwanza, 2 kwa ya pili.

Hatua ya 2: kuzima kabisa. Ingia Settings, Personalization, halafu Start. Utaona swichi yenye maneno marefu yanayotaja Jump Lists, ndilo jina la hizi menyu kwa Windows, izime. Hapohapo orodha ya mafaili ya karibuni inafutika na haijazi tena. Ujue tu kwamba swichi hiyohiyo inaondoa pia mafaili ya karibuni kwenye File Explorer, na kwa Windows 11 hata yale yanayopendekezwa kwenye Start, kwa hiyo mfanyakazi aliyezoea kuyachukua huko mwambie mapema asije akadhani kazi za watu zimepotea.

Hatua ya 3: kufuta yote kwa mkono. Hii ni kwa yule anayetaka orodha ibaki mchana kazini ila isilale na majina ya wateja. Bonyeza Windows na R, andika hivi:

%AppData%\Microsoft\Windows\Recent\AutomaticDestinations

Bonyeza Enter. Andika njia nzima kama ilivyo, maana ukiingia tu folda ya Recent kwa kubofya hutaiona hiyo ya ndani. Utakuta mafaili yenye majina ya namba na herufi zisizosomeka, kila programu na faili lake. Chagua yote, Shift na Delete. TAHADHARI hapa: vile ulivyovipini vinaishi humohumo, vitaondoka pamoja, na mafolda uliyoyapini pembeni kwenye File Explorer nayo yataondoka. Kama unavitaka andika kwanza mahali ulivyokuwa navyo.

Hatua ya 4: ijifute yenyewe. Fungua Notepad, weka mistari hii miwili:

del /f /q "%AppData%\Microsoft\Windows\Recent\*"
del /f /q "%AppData%\Microsoft\Windows\Recent\AutomaticDestinations\*"

Isevu kwa jina futa.bat, kwenye Save as type chagua All files, la sivyo itakuwa maandishi tu na haitafanya kazi. Halafu Windows na R, andika shell:startup, weka lile faili humo. Kila mtu akiingia kwenye hiyo akaunti asubuhi, ya jana yanafutika. Hizi orodha ni za kila akaunti peke yake, ndio maana nawashauri wenye maduka watengeneze akaunti moja ya kazi za wateja na nyingine ya mambo ya ofisi, hiyo futa.bat iwekwe kwenye ya wateja tu na pini zako za ofisi zinabaki salama.

Sasa hapa ndipo wengi wanaachia kazi katikati. Word na Excel zina orodha zao wenyewe ndani, ile inayokuja ukifungua File halafu Open, na kuzima ya taskibaa hakuigusi. Nenda File, Options, Advanced, shuka hadi Display, pale palipoandikwa Show this number of Recent Documents weka 0. Kwenye Excel ni vilevile ila imeandikwa Workbooks. Chrome nayo menyu yake inaonyesha kurasa unazotembelea sana, hiyo inaondoka ukifuta historia ya brauza.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, lakini hata kama zisingekuwepo mtu aliyekukabidhi flashi yake amekuamini. Ukimaliza hatua zote, fungua faili lolote la majaribio kutoka kwenye flashi, lifunge, chomoa, kisha raiti kliki Word na uangalie, halafu fungua Word yenyewe uangalie na humo. Kama umezima na jina bado linaonekana sehemu moja kati ya hizo mbili, rudi kwenye mpangilio wa sehemu hiyo kabla hujamuita mteja mwingine.