Kabla Hujaagiza Pikapu Mpya za Gitaa: Mambo ya Kuzingatia Ukitaka Sauti Nene

Wapiga gitaa wengi hapa Tabora wanaotaka kubadilisha pikapu, yaani kile kifaa chini ya nyuzi kinachogeuza mtikisiko wake kuwa umeme, wana lalamiko lilelile: gitaa linachoma masikio, halina mwili, na likikutana na kinanda na besi linapotea. Ushauri wanaopewa nao ni uleule, kwamba watafute pikapu kali kuliko iliyopo. Mimi nauona ushauri huo ni wa hasara. Unene wa sauti hautokani na ukali wa pikapu, na mara nyingi pikapu kali kupita kiasi ndiyo inayoleta sauti iliyobanana. Pikapu nzuri huzikuti kwenye maduka yetu ya vifaa vya umeme. Unaagiza Dar es Salaam au nje ya nchi, unalipa kabla hujaisikia, na kuirudisha ni nauli nyingine. Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike kabla pesa haijatumwa.

Kwanza kabisa, gitaa lako unalichomeka wapi? Makanisani na kwenye kumbi nyingi huku gitaa huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, kisha linatoka kwenye spika kubwa za ukumbi. Gitaa la umeme halikutengenezwa kwa njia hiyo. Spika ya amplifaya ya gitaa hushuka haraka kuanzia karibu na hezi 5,000, na kushuka huko ndiko kunakoifanya sauti iwe laini. Spika za ukumbi zina twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zinatoa kila mkwaruzo, na pedali ya disitoshani, ile ya kukwaruza sauti, ikipitia humo inakuwa kelele ya nyuki. Tena tundu la laini la mikisa mara nyingi lina impidansi (ukinzani kwa umeme wa sauti) ya kiloohm 10 hivi, wakati pikapu ya kawaida inataka karibu megaohm 1. Pikapu inalemewa, sauti inanyong'onyea. Azima kiboksi cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na mikisa ili pikapu isilemewe, au amplifaya ndogo ya gitaa yenye spika yake na maikrofoni mbele, upige ibada moja. Wapo watakaogundua hapo kwamba pikapu zao hazikuwa na tatizo lolote, na wataokoa pesa nyingi.

Ukishajiridhisha na hilo, angalia nyuzi na kebo. Nyuzi zinazoanzia 9 (unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi) zikibadilishwa kwa 10 au 11, mwili unaongezeka. Zile za nikeli tupu ni laini kuliko za chuma kilichopakwa nikeli. Kebo nayo ina mchango wake: kila mita inaongeza kapasitansi ya kama pikofaradi 100, na kadiri zinavyojumlishwa ndivyo sauti za juu zinavyokatwa. Kebo ya mita 6 inatoa sauti laini kuliko ya mita 3 hata kama gitaa ni lilelile. Halafu kuna kitufe cha toni, ambacho wengi wanakiacha kwenye 10 mwaka mzima. Kishushe hadi 7 au 6 usikilize kabla ya jambo lingine lolote.

Kwenye urefu wa pikapu naomba usiende haraka, kwa sababu hapa ndipo sauti nyingi zinapofichwa. Chukua rula ndogo ya chuma na bisibisi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho kabisa, usiuachie, kisha pima nafasi kati ya sehemu ya chini ya uzi na kichwa cha sumaku au skrubu ya pikapu. Milimita 2 ni mahali pazuri pa kuanzia. Fanya hivyohivyo kwa uzi mwembamba. Sasa geuza skrubu za pembeni nusu mzunguko, piga, sikiliza, geuza tena. Ikisogea karibu sana sauti inakuwa kubwa lakini ngumu, na kwa zile pikapu ambazo sumaku zenyewe ndizo vichwa, uzi mnene huvutwa na sumaku hadi ukaanza kuyumba, ukadhani gitaa limetoka kwenye tyuni. Ikishushwa kidogo, sauti inafunguka na uzi unalia muda mrefu zaidi. Kazi hii haina gharama yoyote, na fundi mwaminifu ataanza nayo.

Ikiwa baada ya yote hayo bado unataka pikapu nyingine, ujue unanunua nini. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko kwa maelfu; waya huo uliozungushwa ndio koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unaisumbua sumaku, na usumbufu huo unazaa umeme mdogo kwenye waya. Kila pikapu, ikiunganishwa na kebo, ina eneo moja la sauti za juu inalolipaza zaidi, na baada ya hapo inashuka. Mizunguko ikiongezeka, eneo hilo linateremka: sauti inaacha kuchoma, sehemu ya kati inajaa. Mizunguko ikizidi sana, eneo hilo linateremka mno na sauti inakuwa tope. Unachotafuta kiko katikati.

Pikapu ya koili moja ndiyo ya sauti angavu, nayo hudaka mngurumo wa umeme wetu wa hezi 50. Ya koili mbili, yaani hambaka, koili zake zimesukwa kwa mwelekeo tofauti na sumaku zake zimegeuzwa, hivyo mngurumo wa koili moja unafutwa na wa nyingine huku sauti ya uzi ikijumlishwa. Seth Lover wa kampuni ya Gibson ndiye aliyeiombea hataza mwaka 1955, na mwaka 1957 ikaanza kuwekwa kwenye magitaa ya kampuni hiyo. Kati ya hizo mbili kuna P-90, ya Gibson pia, ya mwaka 1946: koili moja pana, nene kuliko koili moja za kawaida, ila mngurumo unao. Kwa anayetaka unene wenye uhai mimi humwelekeza kwenye hambaka ya mtindo wa ile ya zamani, na kama umeme wa anakopiga ni safi, kwenye P-90.

Kuhusu sumaku, alniko ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Alniko 2 ni dhaifu kidogo na laini, alniko 5 ina nguvu na besi iliyokaza, seramiki ni kali na inakata. Kwa sauti ya joto anza na alniko 2.

Wauzaji watakutajia ukinzani. Hambaka ya mtindo wa zamani huwa kiloohm 7.5 hadi 8.5, koili moja ya mtindo wa Stratocaster huwa 5.5 hadi 6.5, na zile kali hufika 13 hadi 16. Usiichukue namba hiyo kuwa kipimo cha unene. Waya mwembamba zaidi unapandisha ukinzani hata mizunguko ikiwa sawa, kwa hiyo pikapu mbili zenye kiloohm 9 zinaweza kulia tofauti kabisa. Uliza aina ya sumaku, uliza mizunguko au induktansi kama muuzaji anaijua, na bora zaidi omba kuisikia ikipigwa bila disitoshani.

Hilo la kusikia bila disitoshani nalisisitiza kwa sababu ya mji wenyewe. Hapa ndipo zilipotoka Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na ukisikiliza magitaa ya bendi zile, yamejaa na yanapendeza bila kuunguzwa. Gitaa la rithimu linaacha nafasi, la solo linaingia juu yake, besi inabeba chini. Kama unapiga muziki wa namna hiyo, au kwaya, unene unaouhitaji ni wa wastani tu. Na kama chakula chako ni sebene, kama wengi wa ndugu zetu wa Kigoma, fikiri mara mbili: pikapu nene mno kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa, itazifunika zile nota za haraka zinazotakiwa kusikika moja moja.

Inawezekana pia unahitaji pikapu moja tu. Ile ya shingoni kwa asili ni nene, kwa kuwa uzi hapo unatikisika kwa upana. Ya darajani ndiyo inayochoma, maana pale uzi unacheza kidogo. Badilisha ya darajani peke yake, uone kama roho itaridhika. Hakikisha umeagiza iliyosukwa kwa nafasi hiyo, kwani watengenezaji wengi huipa mizunguko zaidi kuliko ya shingoni.

Kabla ya kuagiza, fungua gitaa. Toa skrubu za bao la plastiki, lilaze kifudifudi juu ya kitambaa, piga picha waya zote. Pima urefu, upana na kina cha shimo kwenye mbao. Pima umbali kutoka katikati ya kichwa cha kwanza cha sumaku hadi cha sita: hambaka nyingi ni karibu milimita 49 au 50, na zile za madaraja mapana ni 52 au 53. Shimo likiwa la koili moja, usikimbilie patasi. Zipo hambaka nyembamba zinazoingia humohumo. Mbao ikishachongwa hairudi.

Angalia na volyumu zilizomo. Gitaa la koili moja kwa kawaida lina za kiloohm 250, la hambaka 500. Hambaka kwenye 250 inapoteza makali ya juu, na kwa anayetafuta ulaini hiyo ni njia rahisi sana kuliko kununua pikapu ya pili. Kapasita ya toni ya mikrofaradi 0.022 inaacha uwazi, ya 0.047 inakata zaidi kitufe kikishushwa.

Rangi za waya zinatofautiana kwa kampuni. Kwa Seymour Duncan waya wa kutolea sauti ni mweusi, kwa DiMarzio ni mwekundu. Anayefuata mchoro wa mmoja kwa pikapu ya mwingine ataharibu. Omba mchoro uje pamoja na pikapu. Na ikiwa unachanganya pikapu za kampuni mbili, fezi zake, yaani mwelekeo wa umeme wake, zinaweza kupingana, ndipo ukiwasha zote mbili sauti inakuwa nyembamba na ya puani, kinyume kabisa cha ulichokilipia. Fundi apime kabla ya kufunga: mita iwekwe kwenye ohm, ncha zake kwenye waya za pikapu, kisha bisibisi ya chuma igusishwe juu ya koili ghafla. Namba itaruka juu au itashuka kwa muda mfupi. Pikapu ya pili ifanye vilevile, upande uleule. Ikienda kinyume, waya zake mbili zibadilishane nafasi, ila kama waya wa ethi umeungwa na ganda la chuma, huo utenganishwe kwanza.

Fundi redio yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kazi hii. Mwambie chuma cha kulehemu kisikae muda mrefu juu ya volyumu, kinaunguza ndani, na waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja usisahaulike, la sivyo gitaa litanguruma kila ukitoa mkono kwenye nyuzi. Lijaribiwe kwa umeme wa TANESCO na kwa jenereta au inveta mnayotumia mkiwa Urambo au Sikonge, maana kuna inveta zinazotoa mvumo wake wenyewe. Pikapu za zamani zifunge kwenye karatasi, andika ipi ya shingo na ipi ya daraja, na usiziuze hadi umepiga zile mpya ukumbini na bendi nzima.