Jinsi ya kuiona MAPK1 ikifanya kazi ndani ya seli

Mdogo wangu wa maabara aliniuliza juzi, "Dada, nitaijuaje kazi ya kinasi wakati kwenye hadubini siioni?" Nikamjibu kinasi ni kimeng'enya, na ni kama panya wa ghalani, unamjua kwa alama anazoacha. Alama yenyewe ni fosfeti, ambayo kinasi huitoa kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine.

Binadamu tuna jeni za kinasi zaidi ya 500. Mwanafunzi namwanzisha na MAPK1, jeni ya kinasi iliyo kwenye kromosomu ya 22, kwa sababu njia yake imenyooka. Kichocheo cha ukuaji kiitwacho EGF kinapogonga mlango wa seli, habari hupita kwa protini zinazopokezana: Ras, Raf, kisha MEK. MEK huibandika ERK2, protini ya MAPK1, fosfeti mbili: kwenye asidi amino zake mbili, threonini ya 185 na tirosini ya 187. Hapo ERK2 inawaka, yaani inaanza kazi, na baadhi yake huingia kwenye kiini kuamsha jeni za mgawanyiko wa seli.

Otesha seli za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazooteshwa maabara, kwenye sahani sita hadi zifunike kama asilimia 70. Jioni ondoa midia, yaani majimaji yanayolisha seli, weka isiyo na seramu (majimaji ya damu), zilale na njaa. Seramu ina vichocheo vyake, na usipoitoa utakuta ERK2 imeshawaka kabla hujaigusa.

Asubuhi weka EGF, nanogramu 100 kwa mililita. Sahani moja usiiguse. Nyingine ni za dakika 2, 5, 15 na 60. Ya sita itangulizie U0126, kizuizi cha MEK, mikromola 10 kwa nusu saa, ndipo uipe EGF dakika 5. Anza na ile ya dakika 60 na umalize na ya dakika 2, ili zote ziive pamoja. Andika muda ubavuni mwa sahani, vifuniko hubadilishana.

Kuvunja seli ndiko wengi tunakoharibu. Kila kitu kiwe kwenye barafu, na bafa, majimaji ya kuvunjia seli, iwe na vizuia fosfatasi, vimeng'enya vinavyobandua fosfeti: vanadeti ya sodiamu na floridi ya sodiamu. Mimi niliwahi kuvisahau, nikapoteza wiki mbili nikiilaumu EGF kwamba imechacha, kumbe fosfatasi za seli zenyewe zilikuwa zinabandua fosfeti ndani ya tyubu yangu.

Pitisha protini kwenye jeli ya asilimia 10 zitengane kwa ukubwa, hamishia kwenye utando, kisha ufunike kwa albumini ya ng'ombe ili kingamwili zisishike ovyo. Maziwa ya unga ni rahisi, lakini kasini yake ina fosfeti, na kwa kingamwili za fosfeti mara nyingine utando mzima unachafuka. Tumia kingamwili inayotambua ERK iliyobandikwa fosfeti, na utando wa pili upimie ERK yote, iliyowaka na isiyowaka. Bila huo wa pili hujui kama umeona kuwaka au umepakia protini nyingi tu.

Utaona mistari miwili: wa juu, wenye uzito wa kilodaltoni 44, ni ERK1, ndugu wa ERK2 kutoka jeni MAPK3, wa chini, 42, ndio wako. Mara nyingi kwenye sifuri, ile sahani usiyoigusa, unakuwa hafifu, dakika ya 5 unakolea, ya 60 umefifia. Penye U0126 pasiwe na kitu, au kivuli tu.

Ila usishangilie mapema. U0126 imewazima ndugu wote wawili. Ukitaka kuisema MAPK1 peke yake, inyamazishe kwa siRNA, kipande kifupi cha RNA kinachozuia jeni isitoe protini, siku tatu, halafu hakikisha mstari wa chini umepungua na wa juu umebaki. Tumia siRNA mbili tofauti na moja isiyolenga jeni yoyote. Mgawanyiko wa seli usipobadilika, huenda ERK1 imeshika zamu ya ndugu yake. Ukibadilika, rudisha nakala ya MAPK1 ambayo siRNA yako haiwezi kuishika, uone kama seli zinarudia mwendo wake wa zamani.