Istanbul kwa mara ya kwanza: panda kwa mashine, shuka kwa miguu

Mimi ni mtu wa Tanga. Mji wetu umelala bapa, na mitaa ya Ngamiani ina namba: ukiambiwa Barabara ya Kumi na Mbili unahesabu tu mpaka unafika, hata kwa baiskeli isiyo na breki. Mwaka 2019 nilipokwenda Istanbul mara ya kwanza, kufuata mitandio na mapazia ya duka langu, nilipanga safari kama mtu wa Tanga. Nilifungua ramani kwenye simu, nikatafuta chumba cha bei nafuu karibu na kituo cha tramu cha Karaköy, nikaona mita 350, nikalipa. Mita 350 kwangu ni kutoka dukani hadi msikitini.

Zile mita 350 zilikuwa ngazi. Ngazi za mawe, 112, nilizihesabu siku ya pili kwa hasira. Begi lilivunjika gurudumu nikiwa bado katikati, na nilipofika juu nikihema nikaambiwa chumba kipo ghorofa ya nne, lifti hakuna. Siku sita nilipanda pale kila jioni na mafurushi ya vitambaa begani. Mwaka 2024 nilirudi na mama. Ana miaka 67 na goti lake la kushoto lilishamsaliti zamani, lakini tulizunguka siku nane na hakulalamika isipokuwa kuhusu chai kukosa maziwa. Haya ndiyo niliyoyapanga tofauti.

Soma ramani kwa jicho la mpandaji

Ramani ya simu inakupa urefu wa njia, mwinuko haikwambii. Istanbul ina watu zaidi ya milioni 15 waliojipanga juu ya vilima. Mji wa kale peke yake unasifika kwa vilima saba. Ng'ambo ya Haliç, ule mkono wa bahari unaoingia ndani upande wa Ulaya, kuna vilima vingine, vikali zaidi. Halafu mlangobahari wa Bosphorus unaukata mji wote: huku Ulaya, kule Asia.

Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, soma majina ya mitaa. Ukiona neno "Yokuşu" au "Bayır", huo ni mpando. "Merdiven" ni ngazi. "Tepe" ni kilima. "İskele" ni gati, na penye gati mara nyingi ni tambarare. Kisha tazama picha za mtaa wenyewe kwenye ramani, usitosheke na picha za kitanda na mto. Mwandikie mwenye nyumba maswali mawili: kutoka kituoni hadi mlangoni kuna ngazi? Ndani kuna lifti? Akikujibu "ni karibu sana", huyo hajakujibu.

Mimi na mama tulikaa Sirkeci. Hapo ni chini kabisa, karibu na maji. Tramu ya T1 inapita, treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari kwenda Asia ina kituo hapo, na feri za Eminönü ni mwendo wa dakika chache. Kama unakwenda kwa ajili ya mzigo, kaa Laleli au Beyazıt, ndiko waliko wauzaji wa jumla na watu wa kago. Ni juu, lakini tramu inakufikisha mlangoni. Karaköy na Galata ni pazuri kupiga picha. Kulala huko waachie vijana.

Maandalizi mengine ni mafupi. Masharti ya viza yanategemea pasi yako. Angalia mwenyewe evisa.gov.tr, ndiyo tovuti ya serikali ya Uturuki. Zipo nyingine zilizojifananisha nayo na zinatoza zaidi, kwa hiyo anwani isipoishia na gov.tr, toka. Aprili, Mei, Septemba na Oktoba hali ya hewa inavumilika kwa mtu wa pwani. Januari theluji inaweza kuanguka, na ngazi za mawe zikiwa na theluji sitaki hata kuzifikiria. Plagi zao ni za pini mbili za duara, chukua adapta. Viatu viwe vya soli ya mpira inayoshika: mawe ya barabarani yakilowa yanateleza kama sabuni. Weka na soksi mkobani za kuingilia misikitini. Saa usiibadilishe, maana tangu 2016 Uturuki haisogezi mishale na saa yao ni sawa na yetu. Wao tu wanasoma 14:30 pale sisi tunaposema saa nane u nusu.

Kutoka uwanja wa ndege

Viwanja ni viwili, na hapo watu huchanganya. Ule mkubwa, unaoandikwa IST kwenye tiketi, uko upande wa Ulaya, mbali huko karibu na Bahari Nyeusi. Sabiha Gökçen, SAW, uko upande wa Asia. Angalia herufi hizo kabla hujapanga hoteli.

Kutoka IST kuna metro ya M11 hadi Gayrettepe. Pale unatembea chini kwa chini, hukosi eskaleta, unaingia M2. Ukishuka Vezneciler uko Laleli. Mwenye mizigo mingi apande basi la Havaist. Mwaka 2019 hiyo metro haikuwapo, kwa hiyo ukipewa maelekezo na mtu aliyekwenda zamani, mshukuru kisha uyaache.

Jambo la kwanza ni kununua Istanbulkart kwenye mashine. Kadi hiyo unaigonga kwenye metro, tramu, basi, feri, hata zile treni za kupanda kilima. Mimi na mama tulitumia moja: nagonga, anapita, nagonga tena, napita. Kwenye Marmaray kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Ukiingia inakata nauli ya safari ndefu kabisa. Ukishuka, kuna mashine ndogo karibu na mlango wa kutokea, iguse kadi yako irudishiwe kilichozidi. Imeandikwa "iade". Safari ya kwanza nilipita pale kila siku nikidhani ni ya wafanyakazi.

Kila siku anzia juu

Kanuni yangu ni moja: asubuhi pandishwa na mashine, kisha shuka kwa miguu hadi majini, halafu feri ndiyo ikusogeze mbali. Ukipanga hivyo unauona mji wote na jasho hulioni.

Siku ya soko. Panda T1 hadi Beyazıt. Ingia Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kuezekwa, tembea, shika vitu, usinunue. Bei za pale ni za mtalii. Tokea upande wa chini ushike Mahmutpaşa Yokuşu. Umeona hilo neno? Ni mpando kweli, ila wewe unashuka. Hapo ndipo Waturuki wenyewe wananunua vitu vya harusi, mashuka, nguo za watoto wa kutahiriwa zenye manyoya kama za sultani. Vijana wanasukuma mikokoteni ya marobota wakipiga kelele upishe, nawe upishe. Nilipata mitandio pale ambayo mwaka 2019 niliinunua juu kwa karibu mara mbili. Mteremko unakutoa Eminönü, kwenye soko la viungo, ambako mama alinusa mdalasini akaguna: "Hii imetoka kwetu, wameipandisha bei tu." Kapalıçarşı hufungwa Jumapili.

Siku ya Süleymaniye. Shuka Vezneciler utembee kama dakika kumi. Msikiti huu aliujenga Mimar Sinan, msanifu majengo wa masultani, ukakamilika 1557, na yeye mwenyewe kazikwa pembeni yake. Uwanja wa nyuma unakupa Haliç yote chini ya miguu yako. Ng'ambo ya barabara, kwenye majengo yaliyokuwa madrasa, kuna safu ya mikahawa inayouza kuru fasulye na pilav. Niliagiza bila kumwambia mama ni nini. Alipoletewa sahani alicheka mpaka akavua miwani: wali maharage. Maharage meupe yaliyoiva yakalainika, mchuzi wa nyanya, na kwa pembeni pilipili ya siki. Tulikula pale siku tatu kati ya nane. Kunywa na ayran, ila ujue ni mtindi wa chumvi. Mimi niliuvuta kwa nguvu nikitegemea sukari.

Siku ya Eyüp. Kwa Mwislamu hii usiiache, ndiko aliko Abu Ayyub al-Ansari, swahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina. Kutoka Eminönü tramu ya T5 inakwenda ikiambaa na Haliç, tambarare mwanzo mwisho. Ukishafika, panda kwanza kigari cha waya hadi juu Pierre Loti, unywe chai, kisha shuka taratibu kwa njia ya katikati ya makaburi ya zamani hadi msikitini. Watu wengi nawaona wanafanya kinyume, wamejishika viuno. Mama alishuka akisomea kila kaburi Fatiha, tukatumia saa nzima.

Siku ya Galata. Karaköy kuna Tünel, kitreni cha kupanda kilima kilichoanza 1875. Duniani ni reli ya chini ya ardhi ya London tu iliyokitangulia. Mita zisizofika mia sita, dakika moja na nusu, uko juu Beyoğlu. Tembea, kisha shuka kupitia mnara wa Galata. Nikiwa na mama tulipita chini ya zile ngazi zangu 112. Nikamwonyesha. Akazitazama, akanitazama, akasema, "Na ulilipa?"

Ayasofya, lile jengo la kale ambalo Wazungu huliita Hagia Sophia, na msikiti wa Sultanahmet viko karibu karibu, nendeni asubuhi. Ayasofya ilirudi kuwa msikiti mwaka 2020. Anayekwenda kusali ana mlango wake, mtalii ana mlango mwingine wa kulipia ghorofa ya juu, na tangu 2024 ni yuro 25. Ijumaa, sala ya mchana inapokaribia, watalii hawapati nafasi misikitini, wapangie siku nyingine. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne.

Majini

Pale Eminönü watu watakufuata kukuuzia matembezi ya boti. Wapite. Piga kadi upande feri ya kawaida ya Üsküdar au Kadıköy, ile ya watu wanaokwenda kazini. Hiyo ndiyo pantoni yao ya Kigamboni, isipokuwa ina viti vya mbao nje na mtu anayepita na chai kwenye bilauri ndogo zenye kiuno. Nunua simit, mkate wa duara wenye ufuta, umege na shakwe wanaofuata nyuma. Mmoja alimnyang'anya mama kipande kutoka mkononi, na mpaka leo anakisimulia kisa hicho kuliko msikiti wowote. Üsküdar unaweza kutembea kandokando ya maji bila kupanda popote. Ila upepo wa kusini, wanauita lodos, ukivuma kwa nguvu, feri husimama. Siku hiyo Marmaray ndiyo njia yako ya kurudi Ulaya.

Maneno na wajanja

Kiswahili kitakusaidia kuliko unavyodhani. Duka ni dükkân, sabuni ni sabun, kitabu ni kitap. Ukimaliza kula sema "hesap", utaletewa hesabu yako. Shida ni salamu: wao wakikutana husema "merhaba". Kijana wa hotelini alimwamkia mama hivyo asubuhi ya kwanza, mama akaninong'oneza, "Mtoto huyu hajanipa shikamoo, anajiitikia mwenyewe." Lakini kwenye tramu hakusimama hata mara moja. Vijana waliinuka wakimwita teyze, yaani mama mdogo.

Mjanja wa kumwogopa ni mpiga kiwi. Anatembea mbele yako, brashi inamdondoka. Unamwokotea, anakushukuru kwa machozi karibu, anakupigia kiwi kwa hisani, kisha anadai hela, na kubwa. Mimi nilikuwa nimevaa raba. Raba, ndugu zangu, na bado nililipa. Brashi ikidondoka, mwite kwa sauti uendelee na safari yako. Taksi nazo, hakikisha mita imewashwa kabla gari halijaondoka.

Ununuzi wa mzigo uwe siku mbili za mwisho, na upime begi hotelini kabla ya kwenda uwanjani. Salio likibaki kwenye Istanbulkart usihangaike nalo. Kadi yangu iko kwenye droo ya duka chini ya vitabu vya risiti, nimeshaiazimisha kwa watu watatu, na wa mwisho aliirudisha ikiwa na salio kubwa kuliko nililompa.